Mpaka Hauonyeshwi Jioni

Mwanangu Kemilembe,

Nimekasirika. Nakuambia mapema ili usihangaike kutafuta salamu kwenye mistari ya kwanza. Salamu na baraka nitakupa kesho asubuhi mlangoni, mbele ya mama yako na majirani, nikiwa nimevaa shati safi na uso wa baba mstaarabu. Humu nakuandikia kama nilivyo. Wewe umekwenda Kashai kuwaaga shangazi zako, mama yako anakupigia pasi nguo zote kana kwamba Nyaishozi hakuna pasi, nami nimejifungia kwenye stoo ya duka, nimekalia mfuko wa saruji, na goti ndiyo meza yangu. Mwandiko ukiwa mbaya, ulaumu goti.

Habari za sweta, chandarua na dawa za tumbo sizigusi. Mama yako ameshakuimbia hizo mpaka umezikariri. Na hata kama asingekuambia, mimi ningekuambia nini? Unakwenda kuishi kwa mama yangu, kwenye nyumba niliyozaliwa, na sijui siku hizi maji yanachotwa saa ngapi wala yanachotwa wapi. Sijui ni mlango upi unaogoma kufunga. Mtoto anatoka Bukoba mjini kwenda kijijini kwa baba yake, na baba hana la kumwelekeza. Hilo nalo linanikera, liandike kwenye orodha.

Tuanze na ile Jumamosi yako.

Ulikuwa umeanza hiyo biashara ya kuwapeleka watu wa mjini vijijini. Tangazo lako nililisoma kwenye simu ya mama yako: "Siku Moja Kijijini. Ondoka Bukoba alfajiri, rudi jioni ukiwa mtu mpya." Nilicheka peke yangu. Mtu mpya kwa siku moja! Hata sabuni ya unga haitoi doa kwa haraka hiyo. Lakini uliponiomba niandamane nawe kwenye safari ya kwanza, ukisema wageni wataona kuna mzee, watatulia, nilikubali upesi mno. Nilipenda kuombwa.

Wageni walikuwa saba. Tulipiga picha daraja la Kyaka, tukapiga picha Omurushaka kwenye marundo ya ndizi, tukafika Nyaishozi saa tano na nusu wote tukiwa na njaa. Bibi yako alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni. Uliona? Alikwenda kuzikata mwenyewe, na mgongo ule. Alikuwa amechemsha na kukausha kahawa ya kutafuna, akaileta kwenye kikapu kidogo na kumpa kila mgeni kwa mikono miwili. Yule kaka wa kofia akapokea punje zake, akazitazama kiganjani, akauliza maji ya moto yako wapi. Bibi yako akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia, "Waitu, mgeni wangu, tafuna tu, maji yako mdomoni mwako." Hapo nilifurahi. Nilijiambia, binti yangu ameweza.

Kisha ukawazungusha kwenye kibanja. Ulisema vizuri: hii migomba ni ya kupika, ile ni ya pombe, hii kahawa babu aliipanda kabla baba hajaoa. Nilikuwa nyuma yenu, mikono mgongoni, nikijiona mwenye mali. Mkafika ukingo wa juu, pale penye ile mimea mirefu yenye shina jembamba na majani marefu kichwani. Dada mmoja akauliza haya maua mazuri yanaitwaje. Nawe ukajibu, "Ni mapambo tu, bibi anapenda maua." Akauliza kama anaweza kupata mche mmoja akapande kwake Mwanza. Nawe ukasema, "Chukua tu, yamejaa."

Kaka wa kofia akashika shina, akalitikisa huku na huku, akaling'oa na mizizi yake.

Bibi yako alikuwa amesimama hatua kumi hivi, ameshika fimbo yake. Aliona. Hakumzuia, maana mgeni kwetu hakaripiwi, hata akikalia mtoto. Kisha wewe ukageuka ukanitazama. Muda mfupi tu, kama mtu anayeuliza, "Ni sawa, baba?" Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Nikatikisa kichwa, Kemi! Nimekuwa na hasira na wewe kwa wiki tatu kwa sababu ya jambo ambalo ulinitazama ili nikuzuie, nami nikakuruhusu.

Ule ulikuwa mlamula. Najua sasa unajua, bibi yako ameshakwambia kwa simu, lakini nataka ulisikie kwangu pia, ambaye nilipaswa kukuambia ukiwa na miaka saba. Mlamula si ua. Ndio mmea tunaowekea mipaka. Jina lenyewe limetoka kwenye kulamula, yaani kuamua kati ya watu wanaogombana. Majirani wawili wanaupanda pamoja, mbele ya mashahidi, na kuanzia siku hiyo panga la huyu haliendi upande wa yule. Haufi hovyo. Ukiukata unachipua. Ndiyo maana wazee waliuamini kuliko jiwe, kwa sababu jiwe linabebeka usiku na asubuhi halina jeraha.

Usidhani sikuutambua. Niliutambua kabla hata yule kaka hajaushika. Nisichokijua ni kama ule ulikuwa wa mpaka au la. Milamula mingine hupandwa uani tu, mingine bibi yako ameichomeka mwenyewe popote penye nafasi. Kwa macho yote inafanana. Lazima mtu akuonyeshe: huu ndio, ule sio, kuanzia huu unakata kwenda kwenye ule. Mimi sikuwahi kuonyeshwa. Kwa hiyo mtoto wangu aliponiuliza kwa macho, nilifanya wanachofanya wanaume wenye aibu, nikajifanya najua.

Sasa nikueleze kwa nini sikuonyeshwa, na hapa hasira yangu inahama kutoka kwako, inakaa mahali pake.

Ulikuwa darasa la kwanza. Babu yako alimtuma baba yako mdogo Deo anipigie simu, na ujumbe ulikuwa mfupi: "Mzee anasema Jumamosi uje ulale." Nilisikia. Ila sikulisikia neno lenyewe, nilisikia mzee analalamika kama kawaida yake. Sisi tulikuwa na safari zetu za kwenda na kurudi, unazikumbuka. Tangu nilipomwoa mama yako na kufungua duka, sikuwahi kwenda Nyaishozi nikalala kwa hiari yangu. Tunatoka asubuhi, tunafika mchana, tunakula, tunajaza buti la gari, saa kumi kasorobo nasimama na kujipiga mifuko nikitafuta ufunguo. Kila mtu alijua maana ya kujipiga mifuko.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilisema mama yako amezaliwa Muleba mjini, hajazoea choo cha nje. Uongo. Mama yako amelala kwenye makambi ya kwaya ambako choo chenyewe kilikuwa hadithi. Nilisema duka halina mtu. Jumapili duka linafungwa, Kemi! Ukweli ni kwamba nilipenda kuondoka. Nilipenda ile dakika ambayo gari linawaka, watu wote wa nyumba wanatoka nje, majirani wanasimama, mama ananishika mkono dirishani, watoto wanakimbia nyuma ya gari mpaka barabarani. Hakuna anayekukimbilia hivyo ukilala. Ukilala, asubuhi unapewa jembe. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilihakikisha hata siku ya pili haifiki.

Basi Jumamosi ile tulifika kama kawaida. Babu yako alikuwa amevaa koti lake la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Kulikuwa na rubisi imefunikwa kwa majani ya mgomba pembeni ya nyumba, nami nikauliza pombe yote hii ni ya harusi ya nani. Akasema, "Ya kesho." Sikuuliza zaidi. Nilikula, nikalala kidogo kwenye kiti, nikaamka, nikaanza kujipiga mifuko.

Akaniambia, "Dati, kesho asubuhi nina kazi na wewe. Nimewaita wazee. Nataka tutembee kwenye mpaka."

Nikamwambia, "Tata, basi tutembee sasa hivi. Nusu saa inatosha."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maharage mabovu. Akasema, "Mpaka hauonyeshwi jioni. Jioni watu wameshakunywa, na kila mtu aliyekunywa anaona mpaka upo pale moyo wake unapopenda. Unaonyeshwa asubuhi, midomo ikiwa mikavu. Pombe inakuja baada ya kumaliza."

Nikacheka. Nikamwambia nitakuja wiki ijayo. Nilisema "wiki ijayo" kwa sauti nzuri sana, ile ninayotumia kwa wateja ninaowaambia mabati yako njiani.

Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Alichukua panga, akaenda akakata mkungu mkubwa, akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akaupanga kwenye buti pamoja na maharage na maparachichi, akaubana kwa gunia ili usikuangukie miguuni wewe uliyekaa nyuma. Wewe ulikuwa unalia unataka kubaki na ndama. Nilikuambia unyamaze, tutarudi. Wewe mtoto wa miaka saba ulikuwa na akili kuliko mimi mwenye gari.

Wiki ile sikwenda. Wala iliyofuata. Mabati yalikuwa njiani. Babu yako alikufa mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, na wazee aliowaita wakanywa rubisi yao kwenye matanga.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu mjukuu mwenyewe ana jina na anapanga begi.

Sehemu iliyofuata sijawahi kukusimulia. Uliwahi kuniuliza kwa nini hatushuki tena kule bondeni kwenye migomba ya chini, nami nikakuambia kuna nyuki. Hakuna nyuki. Kule si kwetu tena.

Miaka michache baada ya mazishi, Deo alinipigia kwamba jirani yetu, Ta Byarugaba, amepanda kahawa kwenye migomba yetu ya chini. Shamba lake limetuzunguka kama mkono, chini na juu. Niliwaka moto. Nilikwenda Nyaishozi nikiwa nimejaa maneno ya mjini. Kulikuwa na kikao cha wazee na viongozi wa kijiji, watu wamekaa kwenye mabenchi ya shule, na mimi nilisimama nikazungumza karibu nusu saa. Nilitaja jasho la baba yangu. Nilitaja haki. Ningekuwa na kipaza sauti ningekitumia.

Nilipomaliza, Ta Byarugaba akainuka. Mzee mpole yule, alinifundisha kuendesha baiskeli. Akasema, "Dati, mimi sikatai. Baba yako na mimi tulikuwa ndugu. Mpaka wa huku chini aliupanda na baba yangu, mimi nikiwa sijazaliwa, nami najua nilichoonyeshwa na baba yangu. Wewe nionyeshe ulichoonyeshwa na baba yako. Nionyeshe mlamula wa kona ulipo, nami leo hii nang'oa kahawa."

Watu wote wakasimama, tukashuka. Walinifuata kama harusi. Nami nikatembea mbele, mwanamume mzima, nikitafuta kwa macho mmea ambao sikujua ni upi. Nikauona mmoja, mnene, umesimama peke yake vizuri. Nikaunyooshea kidole kwa uhakika wote. "Ni huu hapa."

Mama mmoja mzee akacheka, akajiziba mdomo. Deo akaninong'oneza, "Kaka, huo mama aliuchomeka nyuma ya choo cha zamani kuzuia upepo."

Sikushindwa kwa sababu ya hila ya mtu, nataka ulijue hilo. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu mjini kwamba tulidhulumiwa. Nimelisema barazani, nimelisema hata mbele ya padri. Hatukudhulumiwa. Mzee wa watu aliniuliza swali moja, na jibu lake babu yako alilipikia pombe akanisubiri nalo, nami nikaenda zangu na buti limejaa ndizi.

Na mama yangu? Alikuwa amesimama kule juu uani, hakushuka. Yeye mipaka anaijua, aliipalilia miaka arobaini. Nilimuuliza baadaye, kwa hasira, kwa nini hukushuka kuonyesha wewe. Akanijibu, "Nani aliniuliza?" Na kweli hakuna aliyemuuliza. Wala mimi. Tulikuwa tunatafuta mwanamume wa kuonyesha.

Ndiyo maana uliporudi nyumbani ile Jumatatu, wiki mbili zilizopita, ukasema mezani kwamba bibi amekupigia simu, nilijua kabla hujamaliza. Ulirudia maneno yake: "Amesema niende nikalale. Amesema anayeleta wageni lazima ajue mpaka, na yeye hana miaka mingine ya kusubiri." Ukaongeza kwamba Ta Byarugaba mwenyewe amekubali aje asubuhi atembee nanyi, mrudishie mlamula pale ulipong'olewa, maana hata yeye hataki kufa akiwaachia watoto wake ugomvi. Jumamosi hii. Baada ya hapo unabaki, unaishi, wageni watakukuta huko.

Nami nikapiga meza. Kikombe cha mama yako kikaanguka. Nikasema, "Tangu lini mtoto wa kike akaonyeshwa mpaka?"

Naliandika hapa ili nilisome kwa macho yangu. Lilitoka mdomoni mwangu, kwa mtoto niliyemsomesha nikijigamba barabara nzima kwamba sibagui. Na si kwamba naamini. Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mimi ndiye niliyepikiwa rubisi, na mama yangu amenivuka kama mtu anavyovuka dimbwi, bila hasira, anaangalia tu asilowe viatu. Hakunipigia hata kunijulisha. Alikupigia wewe ambaye ulitoa mlamula wake kama zawadi! Ulikosea kosa la asiyejua, akakuita ufundishwe. Mimi kosa langu amelizoea.

Wewe ukanijibu kwa upole, "Basi baba, twende wote, uonyeshwe wewe." Nikasema nina duka. Ukasema, "Sawa, baba." Hiyo sawa yako imenikaa kooni kwa wiki mbili. Ningependa ungetukana.

Biashara yako siikatai tena. Wapeleke watu. Wafike mpaka Kyerwa wakitaka, wapande milima, wapige picha na mbuzi. Ila nakuomba jambo moja, na naliomba kama mtu aliyelipoteza, sikufundishi: usiwe mgeni pamoja na wageni wako. Gari likiwaka kuondoka, wewe ubaki upande wa wanaopunga mikono. Mimi nilikaa upande wa dirisha miaka yote, na nikuambie ukweli, ukiwa ndani ya gari huoni nyuso za watu baada ya kona. Deo ndiye aliyenisimulia, tena akiwa amelewa, kwamba Jumamosi ile babu yako alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kuwaambia wazee wasije.

Na ukichoka, chukia. Utachoka. Utaamka siku bibi yako amekugombeza kwa kupalilia vibaya, mvua inaingia, simu haina mtandao, na utanichukia mimi kwa kukulea mpaka ukawa huwezi kushika panga. Una haki. Usiniandikie barua za kwamba kila kitu ni kizuri. Niliziandika hizo kwa wazazi wangu na zilikuwa uongo mtupu.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini. Nilitoka nje nikanunua vocha, nikarudi stoo, nikampigia mama yangu. Nilipiga mwenyewe, bila kupitia kwa Deo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba Ijumaa nafunga duka saa sita, nakuja, na Jumamosi asubuhi nitatembea nyuma yenu nikiwa shahidi tu, sitanyooshea kidole mmea wowote.

Akapokea. Nikamwamkia. Nikasema, "Mama, Ijumaa nakuja. Nitalala."

Nikasikia kuku wake. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, "Dati. Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nakuja tu. Akasema, "Niambie mwanangu, mimi mtu mzima, nitavumilia." Nikaapa. Nikacheka ili asikie kicheko. Akasema, "Haya," na akakata. Dakika tano hazikupita Deo akanipigia, anahema, anauliza msiba ni wa nani, mama ameanza kusogeza viti nje na ametuma watu kwa majirani waombe mikeka.

Nimekaa hapa juu ya saruji nikahesabu. Tangu nimwoe mama yako nimelala katika nyumba ile mara mbili. Msiba wa babu yako, na msiba wa shangazi yangu.

Nimempigia tena mara tatu. Hapokei. Deo anasema hataki kuambiwa kwa simu.

Wewe utafika kabla yangu. Nakuomba, mwanangu, ukishuka tu kwenye bodaboda, kabla hujasema shikamoo, kabla hujashusha begi, mwambie hakuna aliyekufa.

Baba yako,
Datius